Kampeni Dhidi ya Wimbo wa Binti Yangu

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema hivyo. Mtu akinisifia mandazi yangu baada ya ibada, huwa natulia nisikie anataka nini. Mume wangu husema nilizaliwa na jicho la ziada kwenye kisogo. Kwa hiyo siku ile ya Novemba, ujumbe ulipoingia kwenye kundi letu la simu ukiwaomba wote wanaosema Kiswahili katika Minneapolis na Saint Paul waungane ili mshindi wa mashindano ya vipaji asishike namba moja Krismasi, sikuuliza mashindano yapi wala mshindi yupi. Mshindi alikuwa binti yangu. Nilichotaka kujua ni nani ameuandika ujumbe huo.

Nieleze kwanza. Kulikuwa na redio ya mtandaoni, iliyoendeshwa na Mkenya mwenzetu kutoka besmenti, chumba cha chini ya nyumba yake kule Fridley, si mbali na fleti tulizokaa. Siku za kazi alikuwa mtu wa kompyuta katika ofisi fulani. Jioni na wikendi alikuwa mtangazaji. Kila vuli alikodi ukumbi akafanya mashindano ya kuimba. Mshindi alirekodiwa wimbo wa Krismasi mle mle besmenti. Ikifika Desemba, redio ilitengeneza orodha ya nyimbo za Krismasi, wasikilizaji wakipiga kura kwa ujumbe wa simu. Siku yenyewe ya Krismasi, saa nne asubuhi kwetu, saa moja jioni nyumbani Kenya, alizipiga nyimbo kumi kuanzia ya mwisho hadi ya kwanza. Zile tisa zilipigwa mfululizo bila maneno. Ile ya kwanza ndiyo iliyosomewa salamu: mwimbaji, wazazi wake, na mtaa wa kwao nyumbani.

Tangu alipoanza mashindano hayo, hakuna mshindi aliyekosa namba moja. Watu walinung'unika. Anayeandaa mashindano ndiye anayerekodi, ndiye anayepiga wimbo huo kutwa kucha, na ndiye anayehesabu kura. Mimi mwenyewe nilikuwa mbele katika kunung'unika. Nilisimama jikoni kanisani nikasema wazi kwamba yule bwana anahesabu anavyotaka. Kisha binti yangu akashinda, nami nikanyamaza. Kama alikuwa anaiba, mwaka huo alikuwa anaiba kwa ajili yetu, na nilishangaa jinsi jambo hilo lilivyonikaa vizuri.

Nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe alikuwa mama yangu. Nilipokuja Marekani nilimwacha mtoto kwake Nakuru, akiwa bado ananyonya kidole. Mama ndiye aliyemlea mpaka umri wa kuanza shule. Walikuwa wakikaa mlangoni wakichambua maharagwe, na mama akimfundisha nyimbo za kanisani. Mtoto alikuwa na sauti, lakini alikuwa na haraka. Kila mstari aliuingia kabla ya wenzake, kana kwamba wimbo ungemkimbia. Mama alimpigia makofi polepole ili kumshika, na mtoto akayapita makofi yenyewe. Haya nilisimuliwa kwa simu, na nilikuwa nikicheka peke yangu kwenye kituo cha basi.

Baadaye nikamleta huku. Kiswahili kikaanza kumtoka kidogo kidogo kama meno ya utotoni, ila hapakuota kingine mahali pake. Alipofika miaka kumi na saba alikuwa anaelewa kila ninachosema na kunijibu kwa Kiingereza. Jumapili tulipompigia mama, alimwambia bibi yake kwa Kiingereza kwamba yuko sawa, shule iko sawa, kwaheri. Akimrudishia baba yake simu, mama alikuwa akivuta pumzi. Siku moja akaniambia, "Mlinichukulia mmoja, sasa mnanipa mwingine kwenye simu."

Maneno hayo yaliniuma, na hayakuacha kuniuma. Tangazo la mashindano lilipotoka, nilimwandikisha mimi. Aliposhinda na kurekodiwa wimbo wa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, nilikataa kumtumia mama mapema. Nilimwambia tu, siku ya Krismasi kaa karibu na simu, utamsikia mjukuu wako kwenye redio. Nilitaka ausikie ukitangazwa, majirani wakiwa wamejaa sebuleni, salamu zikisomwa kwa jina la mtaa wake. Nilitaka asiseme tena kwamba tulimpa mwingine.

Sasa mtu fulani alikuwa anataka kuniharibia.

Kampeni yenyewe ilikuwa na akili, lazima nikiri. Haikumtukana mtu. Ilisema tumechoka na nyimbo zilizopikwa kwenye kompyuta, na Krismasi hii tuupigie kura wimbo wenye sauti zetu wenyewe. Ulikuwa umeambatishwa wimbo wa kwaya ya Wakongomani wanaosali mtaa wa Phillips, watu waliotoka kambi ya wakimbizi Tanzania wakaletwa huku na nyimbo zao. Ulirekodiwa wakati wa kiangazi kwa simu iliyowekwa dirishani. Ngoma ilikuwa karibu kuliko waimbaji, gitaa lilihitaji kukazwa nyuzi, na katikati mtoto alikohoa. Watu waliupenda kwa sababu hizo hizo. Ujumbe ulipita kutoka kundi hadi kundi, kwa wauguzi, kwa madereva, kwa Watanzania wa Saint Paul ambao huwa hawakubaliani na sisi juu ya lolote.

Nilianza kuwachunguza watu. Mke wa mchungaji alikuwa na mpwa wake aliyeshika nafasi ya pili kwenye mashindano, na tangu siku ile salamu zake zilikuwa zimepungua joto. Nilimweka wa kwanza. Mume wangu alicheka aliposoma ule ujumbe, na mimi sipendi mtu anayecheka haraka. Nikamweka pembeni kwa muda. Lakini macho yangu yalirudi kila mara kwa jirani yetu wa fleti ya chini.

Jirani huyo alikuwa mama wa Kikongomani, mpole, mzito wa maneno. Tulifanya kazi pamoja kwenye nyumba ya wazee kule Eagan, mimi nikihudumia wazee, yeye kwenye chumba cha kufulia. Alikuwa bado hajapata leseni ya udereva, hivyo nilimbeba kwa gari langu asubuhi na kumrudisha jioni. Na alikuwa makamu wa mwenyekiti wa kwaya ile ile. Mwaka uliotangulia aliwahi kuniomba binti yangu aende kujaribu kuimba nao. Nilikataa bila kuzungusha maneno. Nilimwambia kwaya za Wakongomani zinameza Jumamosi nzima, mtoto anaingia asubuhi na alama zake shuleni anaziacha mlangoni. Mwanangu Jumamosi huenda maktaba kujiandaa na mitihani. Alinisikiliza, akasema sawa, na hatukulirudia jambo hilo.

Nikawaza, huyu ndiye. Nilimnyima mtoto, sasa naye anamnyima mtoto wangu namba moja.

Nilianza kumtegea mitego garini. Asubuhi moja, theluji ya kwanza ikiwa imeshaanza kuwa tope barabarani, niliuweka wimbo wao kwenye spika za gari nikamtazama kwa pembeni. Hakuonyesha furaha wala aibu. Alitikisa kichwa kidogo akifuata ngoma. Nikasema wimbo ni mzuri, hongera, umeenea mji mzima. Akasema ni Mungu. Nikauliza nani aliyeusambaza. Akasema hajui, nao walishangaa.

Kwa kuwa hakunaswa, nikaamua kumchoma. Nilikuwa nimeusikiliza wimbo ule mara nyingi kwa chuki, nikiutafutia kasoro, na nilikuwa nimeipata.

"Lakini dada yangu," nikamwambia, "kuna mmoja hapo nyuma anawaharibia. Msikilize. Anaingia kabla ya wenzake, kila mstari. Huyo mngemtoa, wimbo ungekaa sawa."

Alisubiri mpaka mstari ukaisha. Kisha akageuka akatazama nje ya dirisha.

"Yule ni wetu, maman," akasema. "Tulishamuzoea."

Nilichukulia kule kutazama dirishani kuwa ushahidi. Mtu asiye na hatia hukutazama machoni. Jioni nilimwambia mume wangu kwamba nimempata mkosaji, akaniuliza kama amekiri. Nikamwambia hapana, ila ametazama nje. Mume wangu akaendelea kula.

Wakati huo huo jambo la pili lilianza kunisumbua. Binti yangu alirudi kutoka maktaba Jumamosi moja, koti lake likinuka sombe. Ninalijua vizuri pishi hilo la Wakongomani, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kuchemshwa na mafuta ya mawese mpaka mtaa mzima upate habari. Nilimuuliza siku hizi maktaba wanapika nini. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba alikula kwa rafiki. Rafiki gani? Rafiki tu. Mama yeyote anajua jibu hilo lina maana gani. Nikaona kuna mvulana, na kwamba mvulana huyo ana mama anayejua kupika.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia nimechoka, nitalala. Alipotoka kwenda kupanda basi, nikachukua ufunguo wa gari.

Kumfuata mtu aliye ndani ya basi ni kazi ya kijinga. Basi linasimama kila mahali, nawe unasimama nyuma yake ukijifanya unatafuta kitu chini ya kiti, na watu wanakupigia honi. Basi lilipita maktaba. Likaingia mjini, hapo akashuka akapanda lingine, nami nikalifuata hilo lingine kuelekea kusini. Aliposhuka Phillips, mbele ya kanisa la matofali mekundu, akashuka ngazi za pembeni bila kutazama nyuma, kama mtu anayeingia kwao. Niliegesha gari vibaya. Nilipofika juu ya zile ngazi nikasikia ngoma.

Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mvulana. Kwaya sikuwa nimejiandaa kuikuta.

Ndani ya besmenti ya kanisa walikuwa wamejipanga kwa safu, wanawake mbele kwa kitenge cha sare, bluu yenye maua ya njano, wanaume nyuma. Sufuria zilikuwa kwenye meza ya pembeni, zimefunikwa. Nikamtafuta binti yangu kwenye safu na sikumwona. Alikuwa kwenye benchi la ukutani, peke yake, bado amevaa koti, amepakata mtoto wa mtu. Hakuwa anaimba. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kabisa, macho yake yakiwa kwa waimbaji, na kidole chake kikigonga goti. Jirani yangu aliniona kutoka safu ya mbele. Hakukatiza. Aliimba mpaka mwisho wa wimbo, ndipo akaja.

Nilimuuliza, kwa sauti ya chini kwa heshima ya kanisa, mwanangu amekuwa akija hapa tangu lini.

"Tangu mwaka uliopita, wakati wa Pâques," akasema, yaani Pasaka.

"Na hukuniambia? Tunapanda gari moja kila siku."

"Ulisema hautaki. Mutoto akaniomba nisikuambie. Nikamuambia, sitasema, lakini mama yako akiniuliza sitamudanganya." Alinitazama machoni safari hii. "Haukuniuliza, maman."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemuuliza kila kitu isipokuwa hilo.

Nikauliza kwa nini basi, kama ni mwanakwaya, ameketi kwenye benchi kama mgonjwa anayesubiri daktari. Hapo ndipo nilipoelezwa sheria yao. Kwaya ile, tangu kambini, ina kamati ya nidhamu. Mwanakwaya akienda kuimba mahali pengine peke yake bila kuomba ruhusa, anasimamishwa. Hafukuzwi. Anakuja mazoezini kama kawaida, anaketi, anasikiliza, anashika watoto wa wenzake, anakula nao. Ila haimbi, na sare hapewi, mpaka muda wake uishe.

"Alienda concours, ile mashindano, bila kuomba," jirani akasema. "Tukamusimamisha mpaka Noël, ile Krismasi, ipite. Hata mtoto wangu mimi alishasimamishwa. Ni règlement, ni sheria."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Binti yangu amewashinda watu ukumbi mzima, kisha anaadhibiwa na watu wasioweza kukaza nyuzi za gitaa. Na alikwenda kwenye mashindano kwa sababu mimi nilimwandikisha. Angeniombaje ruhusa ya kwenda kuomba ruhusa mahali nilipokuwa nimemkataza kukanyaga? Nikamwambia jirani kwamba sasa naona picha yote. Mmemkalisha benchi, mkaona haitoshi, mkaanzisha kampeni ya kumwangusha ili mji mzima umwone.

Alinitazama kwa mshangao ambao, nikiukumbuka leo, haukuwa wa kuigiza.

"Sisi hatujue hata ile vote inapigiwa wapi," akasema. "Watu walipoanza kutupongeza, tulifikiri wanatucheka."

Nilimchukua binti yangu, nikampa mwenye mtoto mtoto wake, tukapanda ngazi. Tulivuka mto, tukaipita maktaba, nami nikaipungia mkono kwa dhihaka. Hakucheka. Nilikuwa bado ninapanga kichwani ni nani mwingine kwenye ile kwaya anaweza kuandika ujumbe mzuri namna ile, aliposema kwa Kiswahili, na hilo peke yake lilinifanya nipunguze mwendo.

"Ni mimi, Mama."

Nikauliza ni yeye nini.

"Ile message. Kampeni. Ni mimi nilianza."

Yaliyobaki aliyasema kwa Kiingereza, haraka, akitazama dashibodi. Alisema kule besmenti kwa mtangazaji walimrekodi siku nzima. Kila alipoingia mapema, yule bwana alilisogeza neno lake kwenye kompyuta mpaka likakaa alipotaka. Alikata pumzi zake. Alinyoosha sauti mahali palipopinda. Walipomaliza wakamsikilizisha, naye akakaa akisubiri aisikie sauti yake mwenyewe, mpaka wimbo ukaisha. Alitaka kukataa, lakini aliponiona nikilia kwa furaha kwenye kiti cha pembeni mle besmenti, hakuweza. Akawaza kwamba wimbo ule ukishindwa kwa kura, basi hakuna atakayelaumiwa, utakufa wenyewe, naye atarudi kwenye safu yake bila kelele. Akaandika ujumbe kwa simu ya rafiki yake, akaambatisha wimbo wa kwaya. Hakutegemea ungefika mbali hivyo.

Kisha nikamuuliza kama anajua kwa nini niliutaka wimbo ule ushinde.

"Kwa Shosho," akasema, jina alilomwita bibi yake tangu Nakuru.

"Sasa?"

"Ndiyo maana."

Sikulielewa jibu hilo. Nilidhani ni ukaidi, na nikamwambia tukifika nyumbani akaoshe vyombo.

Mtu angetarajia niseme kwamba moyo wangu ulilainika hapo. Haukulainika. Niliumia, na nikiumia huwa nashika zaidi. Niliendelea kuupigia debe wimbo wa mashindano kwa kila ndugu niliyemjua, Dallas, Boston, mpaka binamu aliyeko Kanada ambaye hatujaongea tangu harusi yake. Binti yangu upande wake hakuacha kampeni yake. Tulikuwa mama na mwana tunaokula meza moja na kuharibiana kura. Nilipoona kampeni inazidi kushika moto, nilimpigia simu mtangazaji nikamuuliza kwa upole kura huhesabiwaje hasa.

"Dada," akasema, na nilisikia amechoka, "last year uliniuliza hivyo hivyo. Ila ulikuwa upande ule mwingine."

Kwa jirani yangu nilipunguza maneno. Niliendelea kumbeba, maana kazi ni kazi, lakini redio ya gari niliiweka kwenye habari za hali ya hewa. Kwa siku nyingi tulisikiliza habari za baridi, ambayo tayari tulikuwa tunaiona kwenye kioo.

Krismasi ikafika. Asubuhi hiyo nyumba ilinuka iliki na mafuta ya moto. Jirani alipanda ngazi na sufuria ya sombe kama alivyofanya kila mwaka. Sikumwalika wala sikumzuia. Alivaa ile sare ya bluu, kwa kuwa mchana wangeimba kanisani kwao. Binti yangu alikuwa jikoni akisukuma chapati, mgongo wake ukiwa umetuelekea. Mume wangu alifungua redio kwenye kompyuta.

Tulimpigia mama. Kule Nakuru mtandao ulikuwa unakatika na redio haikushika, kwa hiyo tukaamua aisikilize kupitia simu. Mume wangu aliiweka simu mbele ya spika, juu ya kitabu, kama mgeni aliyepewa kiti. Tulisikia sebule ya mama imejaa. Tulisikia akiwanyamazisha watu.

Nyimbo zikaanza kupigwa kutoka ya mwisho. Kila moja ilipoanza, mama aliuliza kama ndiyo, nami nikamwambia bado, yako iko juu. Nilikuwa na uhakika. Bila kujali kura, nilikuwa namwamini yule bwana na wizi wake. Ikapigwa ya tatu, wimbo wa Mtanzania mmoja. Kisha ya pili ikaanza kwa kinanda, laini, na nikaijua kabla ya neno la kwanza.

Ilikuwa sauti ya binti yangu, imenyooshwa, imekaa kila neno mahali pake, ikipigwa mfululizo bila salamu wala jina. Nilimtazama jirani, kisha mgongo wa binti yangu. Kijiti cha kusukumia kilikuwa kimesimama.

Mama aliusikiliza wote. Kisha akasema, "Huyu anaimba vizuri sana. Kama wale wa redio kubwa. Wa kwetu bado?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Nilitafuta maneno ya kusema huyo ndiye, umemsikia tayari, umempita. Kabla sijayapata, mtangazaji akaanza kuzungumza. Akasema mwaka huu wasikilizaji wameamua vingine, naye ameheshimu. Kwa mara ya kwanza nilimwona kuwa mtu mwaminifu, na ilikuwa siku mbaya kwangu kugundua hivyo. Akasoma salamu za kwaya na kanisa lao. Jirani yangu aliinamisha kichwa.

Ngoma ikaingia. Gitaa likafuata, likihitaji kukazwa kama siku zote. Kwaya ikaanza, na juu ya mstari wa kwanza, nyuma kabisa, ile sauti niliyoijua kwa chuki ikatangulia wenzake.

Kwenye simu mama alipiga yowe dogo.

"Huyo!" akasema. "Huyo hapo nyuma! Nyamazeni. Huyo anayekimbia. Mungu wangu, mpaka leo hajaacha?"

Kisha tukasikia makofi. Yalikuja kupitia ule mtandao mbovu, polepole, moja baada ya lingine, ya kumshika mtu asikimbie. Mstari wa pili ukaingia, na ile sauti ikayapita makofi. Mama akacheka mpaka akakohoa.

Jirani yangu alikuwa ananitazama. Nilikumbuka nilichomwambia garini, kwamba wamtoe huyo ili wimbo ukae sawa. Nilimbeba mtoto yule tumboni. Nimelala chumba cha pili na yeye miaka yote hii. Wimbo ule nilikuwa nimeusikiliza pengine kuliko mtu yeyote Minnesota, nikitega sikio kama polisi, na sikumtambua. Bibi yake, aliyeko ng'ambo ya dunia, kwenye simu iliyowekwa juu ya kitabu, alimtambua kwa neno moja.

Binti yangu alitoka jikoni na unga mikononi. Akainama mbele ya simu.

"Sijaacha, Shosho," akasema.

"Nani alikwambia uache?" mama akasema. "Umeniletea watu wangapi wa kuimba nao! Wanakula vizuri hao? Wanakupenda?"

"Wananipenda. Lakini wamenisimamisha."

"Umefanya nini?"

Na akaanza kumweleza, kwa Kiswahili, kikiyumba na kuokota maneno ya Wakongomani njiani. Alimweleza juu ya kamati na benchi na kitenge cha bluu. Mama alikuwa akimrekebisha na kucheka na kuwatafsiria majirani. Akasema kamati hiyo imefanya vyema. Jirani yangu akaja karibu na simu akasalimia, akamhakikishia mama kwamba Noël ikipita mtoto atarudi kwenye safu, na sare yake imeshashonwa. Mume wangu alikwenda kuokoa chapati iliyoanza kuungua. Mimi nilibaki nimekaa kwenye mkono wa kochi, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sikuwa na mtu wa kumshuku isipokuwa masikio yangu.

Kabla ya kukata simu mama alitaka kuzungumza na mimi. Alisema ameridhika. Alisema yale aliyowahi kusema, kuhusu kupewa mwingine, niyasahau, alikuwa na uchungu tu. Alisema sasa amempata wake.

"Na yule binti wa namba mbili," akasema, "kama unamjua, mpe pole. Ana sauti nzuri. Ila sijui ni mtoto wa nani."

Binti yangu alikuwa amesimama mbele yangu, akijifuta unga kwa kanga. Nilimwambia mama kwamba namjua kidogo, na kwamba nitamfikishia.